Uzio wa Somoe

Bomba la Nandumbwe lilikuwa zuri kulitazama. Lilisimama katikati ya kijiji juu ya kijukwaa cha saruji, limepakwa rangi ya kijani, mdomo wake wa shaba umeinama chini kama wa mtu anayetaka kunong'ona jambo. Lilikuwa na kila kitu cha bomba isipokuwa maji. Mbuzi walijikuna hapo. Watoto waliligonga kwa mawe wasikie mlio wake. Mwaka wa kwanza wanawake walipita kila asubuhi kulifungua na kulifunga, wakitega sikio wapate kusikia walau pumzi. Mwaka wa pili wakaacha. Mwaka wa tatu, ukitaka kumtukana mtu Nandumbwe ulimwambia, "Bomba we!" naye alijua umemwita mwongo aliyevaa vizuri.

Na ukienda kuuliza ofisi ya skimu ya maji kule mjini Mtwara, jibu lilikuwa lile lile: "Matengenezo yanaendelea."

Matengenezo gani hayo, jamani, yanayoendelea miaka yote hiyo bila kufika? Hata kobe akianza safari, iko siku utasikia kafika. Lakini matengenezo ya skimu yaliendelea masika yakaja, kiangazi kikaja, korosho zikaokotwa na kuuzwa, watoto wakaota meno na kuyang'oa, na bomba liko vile vile, limeinama, halisemi.

Hakuna aliyelichukia jibu hilo kama Somoe. Huyu alikuwa nyakanga wa Nandumbwe, ndiye aliyewafunda wasichana wote wa pale, na mama zao kabla yao. Mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ambayo haikuhitaji kupazwa. Kaka yake, Mwenye Bakari, ndiye aliyekuwa mkuu wa kijiji, lakini watu wakisema "Mwenye kaamua" walikuwa na desturi ya kuuliza, "Na Somoe kasemaje?"

Tena Somoe alikuwa na haki ya kuchukia, maana hayo maji yalikuwa yao.

Chini ya mteremko wa Nandumbwe kulikuwa na chemchemi. Hakuna aliyepata kusikia kwa bibi yake kwamba iliwahi kukauka. Wakati wa kiangazi wanawake walikuja kuteka kutoka mbali, hata njia ya Nanyamba huko juu uwandani, ambako ardhi inakunywa mvua yote na kumwachia binadamu vumbi. Nandumbwe hawakumfukuza mtu. Walikuwa na mwiko wao: maji hayana mwenyewe. Atakayesimama akasema "chemchemi hii ni yangu" haioni mvua inayofuata. Atazikwa kabla haijanyesha. Basi mgeni akishateka, akishukuru, akiuliza nani mwenye maji matamu namna hii, jibu lilikuwa moja tangu enzi za wajomba wa wajomba zao: "Hayana mwenyewe. Ni ya Mungu."

Siku moja akaja Mzungu, kavaa kaptula, ana miti yake ya kupimia na mkalimani wake. Akashuka bondeni, akaonja maji kwa kiganja, akapima, akapanda. Akamwuliza Mwenye Bakari, "Chemchemi hii ni ya nani?"

Na Mwenye Bakari, kwa adabu aliyolelewa nayo, akajibu, "Haina mwenyewe, bwana. Ni ya Mungu."

Mzungu alifurahi sana. Kwao, inaonekana, kitu kisicho na mwenyewe ni kama embe lililoanguka njiani. Haikupita muda, chemchemi ikazungushiwa seng'enge, ikawekewa mashine ya kusukuma maji na mlinzi mwenye kofia, na bomba kubwa la chuma likalazwa ardhini, likapita pembeni mwa kijiji katikati ya mikorosho, likaenda zake Mtwara. Lilikwenda kwenye mji mpya uliokuwa ukijengwa kungoja karanga za serikali, karanga ambazo watu walizisikia zaidi kuliko walivyoziona. Na lilikwenda Shangani, mbele ya bahari, kwenye nyumba za wakubwa, ambako jioni watumishi walisimama na mipira ya maji wakiyanywesha majani. Si mchicha, si muhogo. Majani, yale yanayokatwa na kutupwa.

"Mdomo uliponza kichwa," Somoe alimwambia kaka yake siku mashine ilipoanza kunguruma.

"Nilisema kweli, dada."

"Ulisema kweli. Lakini ulimwambia mtu asiyejua adabu yake."

Mzungu hakuwa mtu wa kelele. Aliahidi kwamba Nandumbwe watapata bomba lao, na kweli walijengewa. Maji yenyewe, alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, yatakuja kesho. Wanawake walipomwuliza tena mwezi uliofuata, akasema kesho. Basi wakampa jina, Bwana Kesho, na jina likamkaa kuliko lile alilopewa na mama yake.

Kumbe mtu hawezi kunywa kesho. Wanawake wa Nandumbwe wakaanza kwenda kuteka kwenye mashimo ya bonde la upande wa Mpapura, wakitoka alfajiri na kurudi jua likiwa utosini. Yalikuwa mashimo ya kuchimbwa mchangani. Kiangazi kikizidi, maji hushuka, nawe huna budi kushuka nayo, uingie shimoni mwili mzima na kukwangua chini kwa kata hadi debe lijae.

Kiangazi cha pili cha matengenezo, Sharifa, mtoto pekee wa Somoe, aliingia shimoni kama walivyoingia wenzake kabla yake. Ukuta wa mchanga ukaporomoka. Wanawake walifukua kwa mikono na kwa masufuria. Walipomfikia alikuwa amekwisha kwenda, na kata yake bado iko mkononi.

Hilo lilikuwa la Mungu, watu walisema. Lililofuata halikuwa la Mungu. Maiti huoshwa, na maiti haioshwi kwa tope. Somoe alichukua mtungi, akashuka mwenyewe hadi kwenye seng'enge ya chemchemi, pale pale alipomwogesha Sharifa akiwa kichanga. Maji yalikuwa yakisikika ndani. Akamwomba mlinzi mtungi mmoja wa kumwoshea mwanawe. Mlinzi alivua kofia, akalia, lakini lango hakulifungua. Alikatazwa kutoa hata kata moja bila ruhusa ya mjini, na mjini ni mbali, na maiti haingoji. Somoe akapanda na mtungi mtupu. Maji ya kumwosha Sharifa yalichangwa nyumba kwa nyumba, kata kwa kata, huyu yaliyobaki ya kupikia, yule ya mtoto wake kunywa. Watu wameshachanga sanda, wameshachanga mchele wa matanga. Maji ya kuoshea maiti walikuwa hawajapata kuyachanga.

Baada ya hapo Somoe alikaa na mjukuu wake, Hadija binti Sharifa, na hakulitaja tena bomba la kijani. Alipokuwa akilipita aligeuza uso.

Sasa sikia vituko. Mwaka wa tatu, kule pembeni kwenye mikorosho ambako lile bomba kubwa lilipita, palipoungwa chuma na chuma pakaanza kuvuja. Kwanza mchanga ulilowa tu, kisha kikatoka kijito chembamba, safi, baridi, na aliyekionja wa kwanza akapiga ukelele: ni maji ya kwetu! Wanawake wakaleta madebe na vibuyu. Hawakutoboa kitu wala hawakuiba. Waliokota kilichodondoka.

Siku ya pili yake tu, lori la skimu likafika mbio na vumbi nyuma. Mle ndani alikuwamo Issa, nyapara wa mafundi, na vibarua wake. Wakafukua, wakakaza, wakafunga, wakasawazisha mchanga. Baada ya majuma machache pakavuja tena, maana kiungo kile kilikuwa kikaidi. Na lori likaja tena, mbio vile vile.

Hapo ndipo Somoe alipolielewa neno matengenezo. Pale ambapo maji hayawafikii, matengenezo ni ya kungoja. Pale yanapowafikia kwa bahati mbaya, matengenezo ni ya leo hii.

Huyo Issa hakuwa mgeni. Baba yake alikuwa mtu wa Mikindani, lakini mama yake alizaliwa Nandumbwe, na kwa desturi ya huku mtoto ni wa ukoo wa mama. Alikuwa mwana wa pale, ana wajomba pale, na ubwabwa wa pale ameula. Somoe alimfuata kwenye mikorosho.

"Shikamoo, bibi," alisema Issa bila kuinua macho.

"Marahaba, mwanangu. Bomba letu lile, vipi?"

"Linangoja kifaa, bibi. Kifaa kinatoka Ulaya."

"Na hapa?"

"Hapa panavuja. Maji yanapotea."

"Yanapotea?" Somoe akamwonyesha debe lake, limejaa hadi ukingoni. "Haya hapa, nayaona. Yamempotea nani?"

Issa aliitazama spana yake kana kwamba jibu limeandikwa humo, kisha akaendelea kukaza.

Mwaka ule Hadija alivunja ungo, akawekwa ndani pamoja na wenzake, na Somoe, akiwa nyakanga, akaanza kuandaa unyago. Nandumbwe kuna jambo moja linalofanywa asubuhi ya wali, wale wasichana wanaofundwa, kutoka ndani, nalo halifanywi pengine: mama huosha miguu ya bintiye kwa maji ya chemchemi, kisha ndipo mwali hukanyaga ardhi akiwa mtu mzima. Maji mengine hayafai. Wali wa mwaka uliotangulia walioshwa kwa maji ya mashimo, yenye tope, na wazee wanawake walilia wazi mbele za watu. Sharifa, alipokuwa hai, aliona haya yanakuja. Alikuwa akisema, "Mwanangu mimi nitamwosha kwa maji ya kwetu, hata kama itabidi niume seng'enge." Sharifa hayupo. Kazi ya kuosha miguu ilimwangukia bibi, na bibi hakuwa na maji.

Ndipo kiungo kile kikaidi kikavuja tena.

Somoe alikwenda peke yake, akakitazama kijito kinavyokimbia mchangani. Kesho lori litakuja. Aliporudi alimwita kaka yake.

"Mwaka huu unyago nitauweka kwenye mikorosho. Pale panapovuja."

Mwenye Bakari alielewa papo hapo, na uso ukamsawijika kwa hofu. "Dada, unyago si silaha."

"Nani kataja silaha? Nyakanga ndiye anayechagua pahali. Wewe umechagua lini?"

"Wakija na bunduki?"

"Waje. Walikuja na miti ya kupimia na wewe ukawapa kila kitu. Mimi niachie mikorosho."

Tangu siku ile ya chemchemi kaka hakuwa na uso wa kubishana na dada yake.

Kabla ya adhuhuri wanawake walikuwa wamekata miti na makuti, na jua lilipopinda uzio ulikuwa umesimama, mrefu kuliko mtu, umeuzunguka mvujo wote. Mlangoni wakatundika kaniki nyeusi. Nandumbwe nzima, na Mpapura nzima, na huko kote hadi mtoni Ruvuma, hakuna mwanamume asiyejua maana ya kaniki ile. Wali wamo ndani, wanafundwa. Mwanamume akipita hapo amemvua nguo mama yake mzazi mbele za watu. Hakuna mke atakayempikia, hakuna dada atakayemlilia. Ndani ya uzio maji yalichuruzika, na kwa mlango wa nyuma madebe yalikwenda na kurudi, kila nyumba ikapata.

Lori lilikuja kama kawaida yake. Issa akaruka chini, spana mkononi, akapiga hatua kuelekea kwenye mikorosho. Akaiona kaniki. Vibarua nyuma yake, huyu Mmakonde, yule Myao, yule Mmakua, wakasimama kama waliogongana na ukuta. Issa akavua kofia, akarudi nyuma bila kugeuka, na lori likaondoka polepole, safari hii bila vumbi.

Aliyekuja baada ya siku chache ni Bwana Kesho mwenyewe, ndani ya gari lake, na askari mmoja mwenye bunduki. Lori likafuata, na Issa ndani yake. Aliamuru uzio uvunjwe. Vibarua wakaanza kuitazama mikorosho kwa makini, kama watu walioletwa kukagua maua yake. Akamgeukia askari. Askari alikuwa Mmakua, mtu mzima, baba wa mabinti. "Bwana," akasema, "bunduki yangu haiingii humo." Akaenda kukaa kivulini, akaiweka bunduki magotini kama fimbo ya kuchungia.

Bwana Kesho akawa mwekundu. Akakusanya hasira yake yote, akaenda mwenyewe mlangoni. Somoe alikuwa amesimama chini ya kaniki, na wanawake wazima wamejipanga kushoto na kulia kwake, kila mmoja kashika mchi wa kutwangia. Hakuna aliyeuinua mchi. Haikuhitajika.

"Issa," alisema Somoe, "mwulize bwana wako. Kwao, mabinti wa watu wakiwa ndani wanafundwa, mwanamume huvunja mlango?"

Issa alitafsiri. Mzungu alisita. Guu lake lilikuwa limekwisha kuinuka, akalirudisha chini.

"Uzio huu ni wa nani?" aliuliza.

Somoe alimtazama usoni. "Hauna mwenyewe, bwana. Ni wa Mungu."

Wanawake walicheka, na si kicheko cha furaha. Bwana Kesho hakuelewa wanachocheka. Alikwisha kusahau kwamba maneno hayo aliwahi kuyasikia, na kwamba yalimfurahisha. Hilo ndilo lililomchoma Somoe kuliko mengine: kwamba mtu anaweza kukupokonya maji na kusahau hata neno alilokupokonya nalo.

"Basi mtaondoka lini?" aliuliza Mzungu, amechoka.

"Mwambie," alisema Somoe, "kesho."

Hapo hata askari kule kivulini alificha uso kwenye kofia.

Siku zikapita. Kiungo kisichokazwa kikazidi kupanuka, na kadiri Nandumbwe walivyoteka ndivyo Shangani walivyopungukiwa. Mpishi wa nyumba moja ya huko, ambaye shangazi yake alikuwa Nandumbwe, alileta habari: matangi yako nusu, majani yamegeuka rangi ya mkeka, na memsahibu anaogea beseni. Wanawake walimsikiliza kwa utulivu. Mmoja akauliza, "Beseni zima?" Mpishi akasema zima. "Basi hajambo," akajibu, akajitwisha debe lake.

Mpishi alileta na jingine. Bwana Kesho alikwenda kwa wakubwa wake kuomba askari wengi, nao wakamkatalia. Walimwambia atengeneze mabomba na aache mambo ya unyago, maana ukiugusa unyago wa kijiji kimoja umegusa wa uwanda mzima, na wao hawakutaka moto kwa ajili ya majani.

Basi Issa akatumwa peke yake, kwa miguu, bila spana. Alisimama mbali na uzio, akaita kwa heshima. Bwana anauliza: bomba la kijiji likitoa maji, uzio utaondoka?

"Wali wakishatoka, uzio utaondoka," alijibu Somoe. "Wanatoka Ijumaa asubuhi. Na bomba litangulie. Ahadi zenu tunazijua ladha yake."

Ijumaa ile kijiji chote kilikusanyika kwenye kijukwaa cha saruji. Wali walikuwa bado ndani ya uzio, wamefunikwa kanga, wanangoja. Bwana Kesho aliegemea gari lake. Watu walitazama barabarani kuona lori litakalobeba kifaa cha Ulaya. Walidhani kitakuwa kikubwa, kimetoka mbali, kimengojwa miaka. Labda kitahitaji watu wengi kukishusha.

Halikuja lori lolote. Issa alikwenda pembeni kidogo, mahali ambapo mbuzi hulala, akasukuma mchanga kwa mguu. Kikatokea kifuniko cha chuma. Akakiinua, akapiga magoti, akatumbukiza ufunguo wake mrefu ndani ya shimo, akazungusha.

Bomba likakohoa. Likatema kutu, likatema mende, likatema maji mekundu, kisha meupe, na kisha maji yenyewe, yanaanguka kwa nguvu juu ya saruji ambayo haikuwahi kulowa ila kwa mvua. Watoto wakapiga makelele. Vigelegele vikaanza, na Somoe akainua mkono. Vikakatika.

"Issa. Kifaa cha Ulaya kiko wapi?"

Issa alikuwa bado kapiga magoti.

"Mwana wa Nandumbwe, nakuuliza."

"Hakikuwepo kifaa, bibi." Alisema chini, lakini kila mtu alisikia. "Koki hii ilifungwa siku ile ile bomba lilipojengwa. Ikifunguliwa, maji ya Shangani hupungua nguvu. Niliamriwa niifunge na nisiseme."

"Uliifunga wewe?"

"Mimi."

"Na siku tulipokuwa tunachanga maji ya kumwosha Sharifa?"

"Ilikuwa imefungwa, bibi."

Hakuna aliyemrukia. Watu walikuwa kama waliopigwa ganzi. Somoe alisogea hadi ukingoni mwa lile shimo, akachungulia ndani, akauona mpini mdogo wa chuma wa ile koki.

"Ifunge," alisema.

"Bibi?"

"Ifunge."

Issa akazungusha. Bomba likakauka. Kule mbali mashine ya bondeni ikasikika inanguruma.

"Ifungue."

Akafungua. Maji yakaanguka.

"Mmeona?" Somoe aliwauliza watu. Hakupaza sauti. "Tazameni vizuri. Mwanangu alikufa kwa kukosa hivyo tu."

Mwenye Bakari aliketi chini, mkuu wa kijiji mbele ya watu wake, akajifunika uso kwa kilemba. Bwana Kesho, pale kwenye gari, alikuwa akitabasamu. Alidhani wanalichezea bomba lao jipya. Akaja karibu, akamwambia Issa awaambie kwamba tangu leo skimu inalikabidhi bomba kwa kijiji, ila lazima atajwe mtu mmoja, mwenye bomba, wa kulitunza. Kitu kisicho na mwenyewe huharibika, alisema.

Macho yote yakamwendea Mwenye Bakari. Mzee alifunua uso. Lile jibu la wajomba lilikuwa limekwisha kupanda hadi ulimini, watu waliliona likija, na akalimeza. Lakini jingine hakuwa nalo. Nani asimame aseme maji haya ni yangu? Mvua zilikuwa karibu, na kila mtu alitaka kuziona. Wanaume wakatazama miguu yao.

"Lina mwenyewe," alisema Somoe.

Wanawake wakashika vinywa. Kaka yake akanyoosha mkono kumzuia.

"Lina mwenyewe. Mwambie ni la Sharifa."

Mzungu aliposikia alifurahi. "Sharifa yupi?" akauliza kwa Kiswahili, akiangaza macho katika kundi la wanawake. "Aje nimwone."

Issa alifumba macho.

"Usifumbe," Somoe alimwambia. "Mwambie wewe, kwa ulimi wako. Mwambie ni yule aliyefukiwa na mchanga wa Mpapura akikwangua maji, na koki ya kwao iko hapa, nawe umeukalia ufunguo wake. Mwambie aliyekwisha kufa hafi mara ya pili. Maji haya hayatamdhuru. Ni yake."

Issa alisema. Alisema kwa muda mrefu, kwa Kiingereza, na sauti yake ilikatika njiani, akaiokota, akaendelea hadi mwisho. Tabasamu la Bwana Kesho lilipungua kidogo kidogo mpaka likaisha. Alivua kofia. Akasema maneno machache.

"Anasema anasikitika sana, bibi."

"Mwambie asikitike kesho," alisema Somoe.

Akachukua mtungi, ule ule alioshuka nao kwenye seng'enge, akautia chini ya bomba la Sharifa, akasema bismillahi. Hadija alikuwa anangoja kuoshwa miguu. Mtungi ulijaa upesi, upesi mno, na hapo ndipo Somoe alipolia.